Mchango wa Pencheni Uliokatwa na Haukupelekwa: Hukumu Yake na Njia ya Kuuokoa

 

Maswali yanayotujia kuhusu pencheni na kiinua mgongo hufanana sana. Mtu amefanya kazi miaka kadhaa katika hoteli ya pwani ya mashariki, au duka la jumla mjini, au skuli ya binafsi. Kila mwisho wa mwezi hati yake ya mshahara inaonesha kuwa amekatwa mchango. Siku anapoacha kazi anakwenda kwenye Mfuko na kitambulisho chake, akaambiwa kuwa miezi iliyoingia ni michache kuliko aliyoifanyia kazi, au haukuingia hata mmoja. Mara nyengine anayekuja kutuuliza si yeye, ni mjane wake, na zile hati za mshahara zimeshatumika kuwashia moto.

Majibu tuliyokuwa tukiyatoa kwa mtu mmoja mmoja tumeyakusanya hapa ili familia zisome mapema, maana jambo hili likigunduliwa siku ya kustaafu huwa limeshachelewa mno.

Fedha hizo ni za nani?

Zanzibar, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (ZSSF) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na mchango wake una sehemu mbili: mfanyakazi anakatwa katika mshahara wake, na mwajiri anaongeza sehemu kutoka mfukoni mwake. Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Tanzania Bara utaratibu ni wa namna hiyo hiyo. Sekta binafsi iko NSSF, ambako mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Watumishi wa umma wako PSSSF, uliotokana na kuunganishwa mifuko kadhaa mwaka 2018. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri hutoa 15.

Kisheria ya dini, sehemu hizi mbili si kitu kimoja, na wengi huzichanganya.

Ile aliyokatwa mfanyakazi ni ujira wake. Ameshaufanyia kazi, umeshathibiti, na kabla haujamfika mkononi mwajiri ameuzuia ili aupeleke mahali maalumu kwa niaba yake. Mwajiri hapa ni wakala, na mkono wake ni mkono wa amana. Allah ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Mafuqaha wa madhehebu yetu ya Shafi'i wamesema kuwa aliyewekewa amana akaichanganya na mali yake mpaka haitambulikani tena, basi huko kuchanganya kwenyewe ni kuvuka mpaka, na kunamtoa kwenye hukumu ya amana kumwingiza kwenye dhamana. Maana yake ni kuwa tangu hapo ikipotea, hata bila ya yeye kuila, ni juu yake kulipa. Sasa tumfikirie mwajiri anayeikata fedha ya wafanyakazi thalathini, akaiacha katika akaunti ya biashara, akalipia umeme na samaki wa jikoni. Huyo hakuchanganya tu, ameitumia. Akisema "nilikuwa nakusudia kuirudisha", kusudio lake ni baina yake na Mola wake. Deni liko pale pale.

Sehemu ya pili, ile anayotoa mwajiri, haikuwa mkononi mwa mfanyakazi kabla, lakini ni wajibu uliofungamana na ajira yenyewe. Aliyeajiri katika nchi ambayo sheria yake inajulikana ameingia katika mkataba pamoja na sharti hilo, na Suratul Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Kwa hiyo si sadaka wala ihsani. Tunalisema hili kwa sababu tumewasikia wafanyakazi wakisema kwa shukurani kubwa kuwa "tajiri wetu katusaidia pencheni". Tajiri hakusaidia, amelipa anachodaiwa. Shukurani ni tabia njema, lakini isimfanye mtu aone haya kudai siku tajiri asipolipa.

Uzito wa kula ujira wa mfanyakazi umekuja katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari: watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na wa tatu wao ni yule aliyemuajiri mtu, akaitimiza kazi yake yote, kisha hakumpa ujira wake. Na katika hadithi nyengine Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ameita kuchelewesha deni kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Hakusubiri mpaka akatae kabisa. Kule kumzungusha tu ni dhulma.

Mfano wa mtu wa pangoni

Katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim, kuna kisa cha watu watatu waliofungiwa na jiwe ndani ya pango, kila mmoja akamuomba Allah kwa amali yake bora. Tunakihadithia sana kisa hiki madrasani, na mara nyingi tunasimama kwa yule aliyewahudumia wazazi wake. Tusimame leo kwa wa tatu.

Yeye alikuwa mwajiri. Aliajiri watu, akawalipa wote isipokuwa mmoja aliyeondoka akauacha ujira wake. Mwajiri hakuula. Aliufanyia kazi mpaka ukazaa mali, wakawemo ngamia, ng'ombe, mbuzi na watumwa. Baada ya muda mrefu yule mfanyakazi akarudi kudai ujira wake mdogo ule ule, akaoneshwa mali yote ile na kuambiwa kuwa ni yake. Akadhani anafanyiwa mzaha. Akaichukua yote, hakuacha kitu.

Hiyo, ndugu zetu, ndiyo pencheni. Ujira uliobaki nyuma, ukakuzwa na aliyeaminiwa, ukamrudia mwenyewe wakati ameshachoka. Wanavyuoni wanasema mtu yule alifanya zaidi ya wajibu wake, na ndiyo maana ikawa amali ya kuombea dua. Lakini hata wajibu mdogo kabisa, ule wa kutokuila ile asili, ndio tunaolia nao leo.

Na kukuzwa huku kunaonekana kwa macho. Watoto wetu wanapopanda bembea siku za Sikukuu katika kiwanja cha Kariakoo hapa Unguja au Tibirinzi kule Pemba, wanacheza katika vitega uchumi vya ZSSF, yaani fedha za wachangiaji. (Kuna wanaouliza kuhusu uwekezaji wa mifuko hii na mas-ala ya riba. Ni suali la haki na lina makala yake. Lakini halimpi mwajiri ruhusa ya kubaki na fedha zisizokuwa zake.)

Namna zinavyoliwa

Namna ya kwanza ni hiyo tuliyoianza nayo: kukata na kutopeleka. Iko nyengine ya ujanja zaidi, ya kuwa na mishahara miwili. Mfanyakazi analipwa 400,000, lakini karatasi inayokwenda kwenye Mfuko inasema 150,000 na zilizobaki zinaitwa posho. Mchango unaingia kila mwezi, mfanyakazi akiuliza anaambiwa yuko sawa, na kweli miezi yake yote ipo. Kilichopungua ni kiwango, na kiwango ndicho kitakachopigiwa hesabu ya pencheni. Huku ni kupunja katika kipimo, na walioahidiwa adhabu mwanzo wa Suratul Mutaffifin si wauza nafaka peke yao.

Wapo wanaomweka mtu "mafunzoni" au "kibarua" miaka minne ili asiandikishwe. Hoteli zinafungwa masika, zikifunguliwa mkataba unaanza upya kana kwamba mtu yule hajawahi kuonekana. Wapo wanaomkata mfanyakazi sehemu zote mbili, yake na ya mwajiri, na yeye haoni tofauti kwa sababu kwenye hati pameandikwa neno moja tu, "mchango".

Na kuna hasara inayotokana na uzembe tu. Jina limeandikwa Mwanakhamis kazini na Mwanahamisi kwenye kitambulisho, au la babu limeachwa, na michango ya miaka imelala katika akaunti isiyotambulikana ni ya nani. Wazee wetu walitupa majina yanayorudiwa rudiwa. Visiwani humu watu watatu wenye majina matatu yale yale katika kazi moja si ajabu.

Mwezi mmoja uliokosekana huonekana kitu kidogo. Si kidogo. Tuchukue mfano wa Bara: ili mwanachama wa NSSF au PSSSF apate pencheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Aliyefanya kazi miaka 15 kamili lakini mwajiri akaiacha miezi 14 bila kupeleka, anabakiwa na 166. Kwa mshahara wa 400,000, michango ya miezi hiyo 14 kwa asilimia 20 ni shilingi 1,120,000. Lakini alichonyang'anywa si hiyo milioni moja na kitu tu. Amenyang'anywa pencheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa umri wake.

Tusidhani kuwa haya ni ya waajiri wadogo wasiokuwa na wahasibu, au ya nchi zetu tu. Robert Maxwell, mmiliki wa gazeti la Daily Mirror la Uingereza, alikufa baharini Novemba 1991, na baada ya kifo chake ikagundulikana kuwa mamia ya mamilioni ya pauni yametolewa katika mifuko ya pencheni ya wafanyakazi wake ili kuzibia madeni ya makampuni yake. Alikuwa na wakaguzi, mabenki na wanasheria. Waingereza walibadilisha sheria yao mwaka 1995 kwa sababu ya mambo kama hayo, lakini wafanyakazi hawakujua mpaka mtu ameshakufa.

Mfanyakazi afanye nini

Aulize akiwa bado kazini. Aende ofisi ya Mfuko, Unguja au Pemba, na kitambulisho chake, aombe taarifa ya michango yake, kisha ailinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi: je miezi imetimia, je mshahara ulioandikwa ndio anaoupokea, je majina yote matatu ni sawa. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Mtu aifungamanishe na Ramadhani na Mfunguo Tatu ili asisahau.

Aziweke hati za mshahara na mkataba wake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana madeni na kushuhudisha. Allah hakuiona kuwa ni kutoaminiana. Asiyepewa hati aandike mwenyewe katika daftari tarehe na kiasi alichopokea, na ahifadhi ujumbe wa benki au wa simu. Na mkewe au mumewe ajue zilipo. Hili la mwisho tunalisisitiza, maana wanaume wetu wengi huficha karatasi za kazi kuliko wanavyoficha fedha.

Akikuta upungufu, aanze kwa mwajiri, kwa adabu na kwa maandishi, na abaki na nakala. Asipojibiwa apeleke malalamiko kwenye Mfuko, kwani Mfuko ndio wenye nguvu ya kukagua vitabu vya mwajiri na kumdai. Kisha iko Kamisheni ya Kazi, na viko vyama vya wafanyakazi. Ni bora waende watu kumi pamoja kuliko mmoja, kwani mmoja hufukuzwa. Kushitaki dhulma si usengenyaji. Wanavyuoni, akiwemo Imam Nawawi, wamemtoa mwenye kudhulumiwa katika makatazo ya kusengenya anapopeleka shauri lake kwa mwenye uwezo wa kumtetea.

Je, ajichukulie mwenyewe?

Suali hili tumeulizwa zaidi ya mara moja na watu wanaokaa kwenye droo ya fedha: mwajiri amekula michango yangu, je naweza kutoa kidogo kidogo mpaka haki yangu itimie? Wanataja hadithi ya Hind mke wa Abu Sufyan (Radhiya Allahu anhuma), aliyeruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe inayomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Na ni kweli kuwa madhehebu yetu yamepanua mlango huu kwa mwenye haki iliyokanushwa.

Hata hivyo jawabu letu ni hapana. Haki hii ina njia ya kudaiwa na ushahidi wake unapatikana. Fedha yenyewe ilitakiwa iingie kwenye Mfuko, na ikiingia mfukoni mwako miezi yako haiongezeki. Na ukikamatwa utaitwa mwizi, halafu lile dai lako la haki litazikwa pamoja na jina lako.

Hati ya "sina madai"

Baadhi ya waajiri humpa mtu anayeondoka karatasi ya kutia saini kuwa amepokea haki zake zote na hana madai, na mshahara wa mwezi wa mwisho umeshikiliwa mpaka asaini. Kisha wao husema: "Ametusamehe."

Katika madhehebu ya Shafi'i, kwa kauli yenye nguvu, kusamehe deni lisilojulikana kiasi chake hakusihi. Mtu hawezi kusamehe asichokijua. Aliyesaini naye hajui kuwa miezi 20 haikupelekwa, hakusamehe kitu, na dhima ya mwajiri mbele ya Allah haijasafika hata kama wakili wake amefurahi. Vilevile msamaha wa kulazimishwa, kwa kushikiliwa mshahara, si msamaha. Ushauri wetu kwa mfanyakazi ni asisaini kabla ya kwenda kwenye Mfuko, na akilazimika, aandike kwa mkono wake pembeni kuwa michango bado hajaihakiki.

Na wale wanaokubaliana na mwajiri wasikatwe ili mshahara uwe mkubwa, nao wana sehemu yao ya lawama. Kijana wa miaka 25 anapolikubali hilo anafunga mlango wa mkewe na watoto ambao bado hajawajua.

Mwajiri anayetaka kutubia

Tunajua waajiri walioingia katika jambo hili kwa dhiki. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia wageni, hoteli zilifungwa na watu walitumia kilichokuwepo. Tunawahurumia. Lakini toba katika haki za waja haitimii bila ya kurudisha haki. Kutoa sadaka, kuchimba kisima au kufuturisha kwa fedha zile hakuondoi dhima.

Afanye hesabu ya kila mfanyakazi, pamoja na walioondoka. Apeleke michango kwenye Mfuko kwa majina yao, si kuwapa bahashisha mkononi, ili miezi yao ihesabiwe. Asipoweza kwa mara moja aende kwenye Mfuko apange malipo, na awaambie wafanyakazi wake ukweli. Aya ya 280 ya Suratul Baqara imeamrisha mwenye dhiki asubiriwe, ni kweli. Lakini muhula hutolewa na mwenye kudai. Anayedaiwa hajipi muhula mwenyewe kwa kunyamaza, huku gari jipya limeegeshwa nje.

Wengine wanatuambia kuwa hawalipi kwa sababu Mfuko unatoza nyongeza kwa aliyechelewa, na nyongeza ni riba. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana kuhusu faini za ucheleweshaji, wapo wanaozikataza na wapo wanaoziona ni adhabu ya kiserikali kwa mzungushaji. Ikhtilafu hiyo iko juu ya faini. Juu ya asili ya deni hakuna ikhtilafu, na aliyelipa kwa wakati hakutana na faini. Ajabu ni kuwa wengi wa wanaoiogopa riba hapa tunawajua kwa mikopo yao ya benki.

Mhasibu anayeandika mshahara wa uongo kwa amri ya tajiri hasalimiki kwa kusema "nimeamrishwa". Kusaidiana katika dhambi kumekatazwa. Akatae kwa upole, aandike kukataa kwake, na atafute kazi nyengine. Allah ni Mwenye kuruzuku.

Madrasa na misikiti yetu

Haitakuwa uadilifu kuwasema wenye mahoteli tukajisahau. Tumewahi kukaa katika kamati ya madrasa iliyomwajiri ustadhi mmoja zaidi ya miaka ishirini. Tulimlipa tulichokiita posho, na neno hilo lilitupumzisha: wa posho haandikishwi. Alipodhoofika macho tulimfanyia hafla, tukampa kanzu, joho na hati ya shukurani. Wiki mbili baadaye mwanawe alikuja kutuuliza, kwa heshima kubwa, kama mzee wake ana chochote kwenye Mfuko. Hakukuwa na mtu katika kamati aliyeweza kumtazama usoni. Tulichanga tulichochanga, lakini mchango wa aibu si pencheni.

Skuli za Kiislamu, madrasa zenye walimu wa kudumu, misikiti yenye maimamu na waadhini wanaolipwa, zote ni waajiri. Kamati ziulize kwenye Mfuko namna ya kuwaandikisha, na walioko nje ya ajira rasmi wapewe nafasi ya kuchangia kwa hiari. Fedha zake zitafutwe kama zinavyotafutwa fedha za mazulia.

Mfanyakazi akifariki

Haki ya michango isiyopelekwa haifi pamoja naye. Kile alichokatwa katika ujira wake ni mali yake, na warithi wana haki ya kukidai kama wanavyodai deni lolote la maiti wao. Mafao ambayo sheria ya Mfuko inawapa moja kwa moja wategemezi aliowaacha yana hukumu yake, na si lazima yagawiwe kwa mafungu ya mirathi; kabla ya kugawa, familia imuulize kadhi na Mfuko wote wawili. Mjane akiwa ndani ya eda si lazima atoke: kaka au mtoto mkubwa anaweza kuanza kufuatilia kwa niaba yake, akiwa na cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu na zile hati za mshahara kama zimesalimika.

Wallahu a'lam.